Ratili Kumi na Sita za Liesel

Mnorwei akikunyima kahawa, jua amekunyima kila kitu. Orrin Haskett alikaa jikoni kwa Torvald Gjerde dakika ishirini nzima, birika linachemka mbele ya pua yake, harufu imejaa nyumba, na hakuna aliyenyanyua kikombe. Inga, mke wa Gjerde, alilisogeza birika pembeni ya jiko kwa mkono wa kushoto, akalifunika, akarudi kusimama mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Haskett hakushangaa. Tangu aingie bonde la Tamarack jana asubuhi, akitokea ofisi ya upelelezi ya jimbo kule Madison, alikuwa ametemewa mate mara mbili na kufunguliwa mbwa mara moja. Huu ulikuwa mwezi wa Mei, mwaka elfu moja mia tisa thelathini na tatu, na wafugaji wa Wisconsin walikuwa wamegoma. Hayauzwi maziwa hata tone mpaka bei ipande. Barabara zilifungwa kwa magogo na waya, na lori lililojaribu kupita lilisimamishwa, madebe yakamwagwa mtaroni, bonde zima likanuka maziwa yaliyochacha. Wakubwa wa wilaya nao wakaokota mijini wanaume wasio na kazi, wakawabandika beji vifuani, wakawapa marungu, wakawaita askari wa muda. Njaa ikapewa rungu ikaipige njaa mwenzake. Jumanne jioni mmoja wa askari hao, Vernon Kress, alikutwa kwenye mtaro wa njia panda ya kanisa, fuvu limepasuka.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa nne asubuhi mtu angesomewa mashtaka ya kumuua Kress, na Haskett aliona wazi kwamba mtu huyo siye.

Aliyekamatwa alikuwa Wladek Gruszka, Mpolandi, kibarua kwenye shamba la Mjerumani mmoja aitwaye Lueck. Kando ya maiti ilikutwa nyundo ya kupigilia nguzo za uzio, na mpini wake ulikuwa na pete ya rangi nyekundu. Bonde zima linajua kwamba vifaa vyote vya Lueck vina pete nyekundu. Walipomuuliza Gruszka alikuwa wapi Jumanne saa kumi na moja na dakika ishirini, saa ya mauaji, alijibu sentensi moja tu: "Nilikuwa kwa ng'ombe." Kisha akafunga mdomo mpaka leo. Sherifu alicheka sana, kwa sababu Lueck mwenyewe alikuwa ameapa kwamba jioni ile alikamua peke yake, kibarua wake akiwa ameomba ruhusa tangu saa kumi na nusu. "Mgeni, maskini, tena mwongo," sherifu alimwambia Haskett. "Unataka nini zaidi, bwana?" Hakimu angempa kifungo cha maisha kabla ya chakula cha mchana.

Sasa Haskett alikuwa amemfuata Gjerde kwa sababu Gjerde ndiye aliyeongoza wagomaji wa njia panda ile. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, masharubu yamegeuka rangi ya majani makavu, na alijibu maswali kama mtu anayelipishwa kwa kila neno. Jumanne jioni? Alikuwa hapa, bandani, anakamua. Kuanzia lini? Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja, kama kila siku ya Mungu. Peke yake? Peke yake. Binti yao yuko Milwaukee, na mke wake ameumia mkono tangu Machi, hawezi kufinya hata tambara la vyombo. Haskett akamgeukia Inga, akamuuliza kama ndivyo.

"Mume wangu ameshasema," Inga alijibu, na macho yake yakabaki kwenye jiko.

"Nakuuliza wewe, mama."

"Basi ndivyo."

Haskett akauliza nani basi aliongoza watu njia panda jioni ile. Gjerde akasema hakuna aliyewaongoza, wana akili zao. Mabomu ya moshi yalikuwa yametupwa, kila mtu anakohoa, nani angemwona nani? Kisha, bila kuulizwa, akaanza kufoka. Wakati wa vita ile ya Ulaya serikali ilikuja hapa na mabango, ikawaambia walime mpaka kingo za makaburi, chakula kitashinda vita. Wakalima. Serikali ikampeleka hata mdogo wake Gjerde Ufaransa, hakurudi. Miaka ya neema ilipokuja, watu wa benki walikuja na sigara nzuri, wakawasihi waongeze ng'ombe, waongeze ardhi. Wakaongeza. Leo debe zima la maziwa halinunui soli ya kiatu, na serikali ileile inawaletea wahuni wenye marungu.

"Na wewe ukirudi Madison jioni, utapaka siagi kwenye mkate," Gjerde alimalizia. "Siagi ya nani hiyo, Bwana Haskett?"

Haskett alisema siagi haikumpasua Kress kichwa, na kwamba angependa kuliona banda.

"Ni saa ya kukamua."

"Vizuri zaidi. Nitatazama."

Gjerde akachukua kofia. Alisema polisi wa mjini wakiona kwato hujikanyaga wenyewe, kwa hiyo awe mwangalifu. Inga akawafuata nyuma.

Banda lilikuwa safi kuliko mahabusu ya sherifu, na kuliko ofisi yake pia. Ng'ombe kumi na wanne walikuwa wameshaingia kutoka malishoni, kila mmoja kasimama mahali pake, jina lake limeandikwa kwa chaki juu ya kichwa: Dagros, Stjerna, Litago, na wengine wa namna hiyo, majina ya Kinorwei. Wa mwisho karibu na mlango aliitwa Liesel. Ukutani kilining'inia cheti cha chama cha wafugaji, kundi la kwanza wilayani kwa miaka minne, kimewekewa fremu na kioo. Hata picha ya harusi ya mwenye nyumba haikuwa na fremu nzuri namna ile. Pembeni ya cheti palikuwa na mizani ya kuning'iniza, na chini ya mizani karatasi kubwa yenye mistari, na penseli imefungwa kwa uzi.

Haskett aliitazama karatasi, akatazama kona ya banda. Palikuwa na koleo la kuzolea samadi, na mpini wake ulikuwa na pete nyekundu.

Aliuliza koleo ni la nani. Gjerde akasema la Lueck, kwani vipi, majirani huazimana. Ameazima na vitu gani vingine? Gjerde akasema hakumbuki. Nyundo? Huenda. Nusu ya bonde wameazima nyundo ya Lueck, na yule anayetaka kumfunga mtu kwa rangi ya mpini akaanze na fundi rangi. Jibu lilikuwa zuri, na Haskett aliona kwamba lilikuwa limeandaliwa. Lakini nyundo iliyoazimwa na nusu ya bonde haikumtoa Gruszka ndani. Ilimwongezea wenzake tu.

"Hii karatasi," Haskett alisema, "ni ya nini?"

Gjerde akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kanisani msalaba ni wa nini. Akaeleza kwa ufupi kwamba kila ng'ombe akikamuliwa, ndoo inapimwa, ratili zinaandikwa, asubuhi na jioni. Mkaguzi wa chama huja kila mwezi kusoma.

"Hata sasa? Si mnamwaga yote mtaroni?"

"Kumwaga ni kumwaga. Kupima ni kupima."

"Na ukiona ng'ombe ametoa kidogo, huongezi ratili moja mbili, kwa ajili ya cheti?"

Hapo Gjerde alikasirika kweli, mara ya kwanza tangu Haskett aingie. Alisema kuna watu humu bondeni wanaoiba kuni, wapo wanaowapiga wake zao, yupo mmoja aliyechoma ghala lake ale bima, lakini hajazaliwa wa kuandika uongo kwenye karatasi ya mizani. Mkaguzi angejua, majirani wangejua, na ng'ombe mwenyewe angemuumbua kesho yake. Inga, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuza uso akatazama nje.

Haskett akavua koti, akalitundika msumarini, akaanza kukunja mikono ya shati. Aliomba ndoo na kigoda.

"Unataka kufanya nini?"

"Kumkamua Dagros. Nilikulia kwenye ng'ombe kabla hawajapigwa mnada."

Gjerde alicheka kwa pua. Akampa kigoda kwa mguu, akikisukuma kwenye majani. Haskett alikaa upande wa kulia wa ng'ombe, akaosha kiwele, akaegemeza paji la uso ubavuni, akaanza. Mikono ilikuwa haijasahau, maana maziwa yaligonga ndoo kwa mapigo yaliyonyooka. Lakini Dagros alikuwa amekaza mgongo. Alihamisha miguu, akapiga mkia, akageuza kichwa kuona huyu ni nani. Baada ya dakika kumi kijito kikawa uzi, uzi ukawa matone. Haskett alijaribu tena chuchu zote nne, hakupata kitu. Akasimama, akaipachika ndoo kwenye mizani.

"Tisa na nusu," alisoma.

"Tisa na nusu," Gjerde akarudia, na sasa alikuwa anafurahia. "Jana jioni alinipa kumi na saba. Hakujui, bwana. Amekubania. Unaweza kuwa na mikono ya malaika, ng'ombe hatoi maziwa yake kwa mtu asiyemjua. Hata mtoto wa bonde hili anajua hivyo. Andika hiyo kwenye daftari lako la upelelezi."

"Nitaandika," Haskett alisema. "Iseme tena, mama asikie."

Njia ya mwongo ni fupi, na Gjerde alikuwa amefika mwisho wake bila kuona.

Haskett akaenda kwenye karatasi, akaweka kidole kwenye safu ya Jumatatu jioni, akasoma kwa sauti. Dagros kumi na saba. Stjerna kumi na tano. Litago kumi na nane. Akahamisha kidole, Jumatano jioni. Dagros kumi na saba. Stjerna kumi na tano. Litago kumi na saba na nusu. Kisha akarudisha kidole katikati.

"Jumanne jioni. Dagros kumi na moja. Stjerna tisa. Litago kumi. Ng'ombe kumi na watatu, Bwana Gjerde, wote wameshuka jioni moja, wote wamepanda kesho yake. Nani aliwakamua?"

"Mabomu ya moshi," Gjerde alisema. "Upepo ulivuma huku. Waliogopa. Ng'ombe akiogopa hubana."

Haskett alikubali kwamba ng'ombe akiogopa hubana. Mtu aliyekulia bandani hawezi kubisha hilo, na kama karatasi ingeishia hapo, mwendesha mashtaka angeicheka. Lakini alisema ng'ombe kumi na watatu, na humu ndani wako kumi na wanne. Akatembea polepole mpaka mlangoni, akamwekea mkono mgongoni yule wa mwisho.

"Huyu upepo haukumfikia? Jumatatu Liesel alitoa ratili kumi na nne. Jumatano, kumi na nne. Jumanne, moshi umejaa, mabomu yanalia, alitoa kumi na sita. Wenzake wote wamebana, yeye amefurahi. Kwa nini?"

Liesel alikuwa anacheua.

"Si jina la Kinorwei hilo," Haskett aliendelea. "Na hapa pameandikwa, kwa penseli yako mwenyewe: Liesel, kutoka kwa Lueck, tarehe tisa Aprili. Mwezi mmoja tu. Mama, huyu ng'ombe alipokuwa kwa Lueck, nani alikuwa anamkamua?"

Gjerde alisema neno moja kwa Kinorwei, kali na fupi. Inga hakumwangalia.

"Gruszka," alisema. "Miaka mitatu."

Baada ya hapo kazi haikuwa ya kuuliza tena, ilikuwa ya kusikiliza. Inga alieleza akiwa amesimama palepale, mkono uliofungwa ameubana kifuani. Tangu mgomo uanze, wanaume waliokwenda barabarani walikamuliwa ng'ombe wao na majirani kwa zamu, ndiyo desturi, na Jumanne aliyepangiwa zamu ya kwao aliugua tumbo. Lueck hakugoma, na alikuwa ameapa kumfukuza kibarua yeyote atakayewasaidia wagomaji. Gruszka alikuja kwa siri. Alikuja kwa sababu mwezi ujao alikuwa anaomba uraia, na mwombaji anatakiwa kupeleka raia wawili wa kumshuhudia kwamba ni mtu mwema, na Torvald alikuwa amemwahidi kuwa mmoja wao.

"Ndiyo maana hasemi," alisema. "Anamngoja shahidi wake."

Gjerde alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa. Alisema Kress alikuwa anampiga Nels Aamot, mzee wa miaka sabini na mmoja, alishaanguka chini na yule bado anampiga kwa rungu, mgongoni, kichwani, huku anacheka. Nyundo ilikuwa mkononi kwa sababu walikuwa wanapigilia nguzo za kufungia waya. Alipiga mara moja. Hakutaka kuua. Au pengine alitaka, hajui, moshi ulikuwa machoni.

"Hilo kaliseme mahakamani," Haskett alisema. "Watu kumi na wawili watakaokusikiliza na kuamua kesi ni wafugaji, na wengi watakuelewa. Ila huyu mwingine je? Siku mbili unakula, unalala, unafuga masharubu, na mwenzio yuko ndani kwa kosa lako. Alikukamulia ng'ombe, ukamlipa jela. Hilo nani atakuelewa?"

"Toka kwenye banda langu."

"Nikitoka, natoka na karatasi."

Gjerde akainuka. Alikuwa mrefu kuliko Haskett kwa kichwa kizima, na alifika ukutani kabla yake. Akaitoa karatasi kwenye msumari, akaishika kwa mikono miwili. Alisema anaweza kuichana sasa hivi vipande mia, akaitafuna, na mpelelezi abaki na hadithi ya ng'ombe mwenye furaha. Haskett hakunyoosha mkono. Bastola ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa msumarini, upande wa Gjerde.

"Unaweza," alisema. "Hizo za zamani ziko wapi?"

Macho ya Gjerde yalikwenda yenyewe. Nyuma ya mlango, kwenye ndoano ya chuma, palikuwa na bunda la karatasi nene kuliko biblia ya familia, za miaka kumi na miwili, zimepangwa mwezi kwa mwezi. Hata moja haikukosekana.

Litago alianza kulia, kiwele kimejaa, saa yake imepita. Stjerna akaitikia, na mara banda zima likawa kelele. Gjerde aliitazama karatasi. Kisha akairudisha msumarini, akainyoosha kwa kiganja, akashika penseli. Chini ya safu ya leo, kwenye mstari wa Dagros, akaandika tisa na nusu, na pembeni akaandika: mgeni.

"Nikamue kwanza," alisema.

Haskett akachukua koti lake, akakaa kwenye ngazi ya kupandia darini kwenye majani makavu, akangoja. Gjerde alikamua ng'ombe kumi na watatu, akarudi na kwa Dagros, akamtuliza, akapata saba nyingine. Kila ndoo aliipima, kila ratili aliiandika. Alipomaliza alibeba madebe moja moja mpaka mtaroni, akayamwaga yote, maana mgomo ulikuwa bado mgomo. Akaosha ndoo. Akaitoa karatasi, akaikunja mara mbili, akampa Haskett bila kumwangalia usoni, akaenda kukaa kwenye gari la mpelelezi.

Inga alikuwa kwenye ngazi za jikoni. Haskett akavua kofia, akasema atahitaji maelezo yake kwa maandishi.

"Gruszka utamtoa lini?" Inga aliuliza.

Haskett akaeleza kwamba shauri liko kesho saa nne, mwendesha mashtaka ataisoma karatasi, hakimu atasikiliza, na kama mambo yatakwenda vizuri, huenda kufikia jioni.

"Ng'ombe hawa hukamuliwa saa kumi na moja alfajiri," Inga alisema. Akainua mkono uliofungwa, auone vizuri. "Mkono wangu ndio huu, na mume wangu unaondoka naye. Wapo kumi na wanne, na anayejulikana humu bandani, hata kwa mmoja, ni yule Mpolandi. Kamwamshe sherifu, kamwamshe hakimu, mimi hainihusu. Na umwambie kijana mimi nilizaliwa Wisconsin, ni raia. Shahidi wake nitakuwa mimi."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Harufu ya kahawa ilitoka kidogo, ikakatika.